Tour du Mont Blanc: duara la nchi tatu, na unachokipata kwa fedha yako

Kwenye ramani Tour du Mont Blanc ni njia moja: duara la kilomita 170 hivi kuuzunguka mlima Mont Blanc. Ukijumlisha kupanda kwa siku zote unapata karibu mita 10,000, na mtembeaji wa mwendo wa kawaida hulimaliza kwa siku 10 au 11, wengi wakianzia Les Houches karibu na Chamonix na kuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Lakini anayetoa fedha zake ajue kwamba analipia huduma za nchi tatu, Ufaransa, Italia na Uswisi, na kila moja ina desturi zake. Kila ukivuka mpaka hubadilika fedha, mtandao wa simu, sheria ya kukita hema, alama za njiani, kinachoiva jikoni na anayelipia helikopta ukivunjika mguu. Njia yenyewe ni nzuri kupita maelezo. Wanaorudi wakilalamika, mara nyingi ni wale waliojiandalia nchi moja wakakutana na tatu.

Mipaka haina geti wala kizuizi. Iko juu kwenye vipito, yaani pale mgongo wa mlima unapoinama kati ya vilele viwili na njia ikapata pa kupenya. Kutoka Ufaransa unaingia Italia kwenye Col de la Seigne, mita 2,516. Kutoka Italia unaingia Uswisi kwenye Grand Col Ferret, mita 2,537. Kisha unarudi Ufaransa kwenye Col de Balme, karibu mita 2,200, penye jiwe la mpaka na upepo usiochoka. Chini kidogo ya Col de la Seigne, upande wa Italia, ipo nyumba ya mawe iitwayo Casermetta. Zamani ilikuwa ya walinzi wa mpaka, leo ni kituo kidogo cha maonyesho ya mazingira. Ingia ukipita. Grand Col Ferret hakuna hata nyumba, ila mpaka wake umechorwa na maji: mvua inayoangukia upande wa Italia hushuka hadi mto Po na bahari ya Adriatiki, na ile ya upande wa Uswisi huingia mto Rhône na kuishia Mediterania, kusini mwa Ufaransa.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, mpaka halisi uko ubalozini, miezi kadhaa kabla ya safari. Nchi zote tatu zimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja (Uswisi, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya, iliingia Schengen Desemba 2008), kwa hiyo viza moja ya muda mfupi, hata ile ya kuingia mara moja tu, inatosha kwa duara zima. Ni mfano wa ile viza ya pamoja ya watalii ya Kenya, Uganda na Rwanda. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Kosa la kawaida hapa ni kuomba ubalozi usiohusika. Kwa kuwa ndege hutua Geneva, mtu huenda kuomba kwa Waswisi. Kanuni inasema uombe nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana ndipo iangaliwe nchi ya kwanza kuingia. Hesabu usiku kwa usiku: kwa mgawanyo wa kawaida Uswisi ni usiku 3, Italia 3, na Ufaransa 5 au zaidi ukiongeza usiku wa kufika na wa kuondoka. Basi maombi ni ya Ufaransa, na orodha ya vitanda ulivyoweka ndiyo ushahidi wako wa malazi.

Hapo ndipo huduma hii ina kasoro yake kubwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Vibanda vingi huanza kupokea maombi ya nafasi kuanzia Oktoba kwa ajili ya kiangazi kinachofuata, na vile maarufu hujaa mapema kwa Julai na Agosti. Viza hairuhusiwi kuombwa zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Maana yake unalipa arubuni ya vitanda kabla hata dirisha la viza halijafunguliwa, na arubuni nyingi hazirudi ukighairi wakati umepita. Anayeishi Paris haioni kasoro hiyo, lakini anayeomba kutoka Dar es Salaam au Nairobi anaibeba yeye. Dawa ni kuvitenganisha vitanda katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vibanda vilivyo peke yao mlimani, ambavyo ukivikosa huna pengine pa kulala bila kurefusha siku kwa saa mbili tatu: Croix du Bonhomme, Elisabetta, Bonatti. Hivyo viwahi. Fungu la pili ni vijijini, yaani Les Contamines, Courmayeur, La Fouly, Champex, ambako kuna hosteli na hoteli nyingi zinazokubali kughairi bila malipo hadi siku chache kabla. Hizo zitatosha kwa barua ya ubalozi na hazitakutia hasara. Baadhi ya vibanda huuza vitanda vyao kwenye tovuti ya pamoja ya Mon Tour du Mont Blanc, vingine vina mfumo wao, na vichache bado vinataka barua pepe au simu. Andika kwa Kifaransa kifupi au Kiitaliano kifupi, taja tarehe, idadi ya watu na chakula usichokula.

Epuka wiki ya mwisho ya Agosti. Wakati huo hufanyika mashindano ya mbio za UTMB, yaliyoanza mwaka 2003, yanayofuata karibu njia hii hii kwa mkupuo mmoja, na Chamonix na Courmayeur hujaa hadi pomoni. Majuma mawili ya mwanzo ya Septemba ndiyo chaguo bora: theluji imekwisha, umati umepungua, radi za mchana ni chache. Baada ya katikati ya Septemba vibanda huanza kufunga kimoja kimoja.

Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji kwa kibali cha ukaazi hahitaji viza. Abebe kibali pamoja na pasipoti. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki hana msamaha huo, kwani kibali cha Uingereza hakifungui mlango wa Schengen. Na ingawa juu ya vipito hakuna askari, hati ziwe begini siku zote, ndani ya mfuko usioingiza maji. Ufaransa imekuwa ikirudisha ukaguzi wa mipaka ya ndani tangu 2015, na unaokumbana nao hasa ni abiria wa mabasi ya barabarani.

Sasa vibanda vyenyewe. Mfaransa hukiita refuge, Mwitaliano rifugio, upande wa Uswisi utasikia cabane. Aliyelala Mandara au Horombo kule Kilimanjaro ataelewa haraka, ingawa vingine hapa ni nyumba za mawe za ghorofa mbili. Tofauti kubwa ni kwamba huna mpishi wako wala mpagazi wako. Begi unalibeba mwenyewe, mpishi ni wa kibanda, na wote mnakula meza moja, chakula kimoja, saa moja.

Mambo huenda hivi. Unafika kati ya saa 9 na saa 11 alasiri. Buti hazivuki chumba cha mlangoni. Zinakaa kwenye rafu, fimbo za kutembelea zinatumbukizwa ndooni, nawe unavaa kandambili zako au viatu vya plastiki vya kibanda. Weka alama kwenye fimbo zako kwa utepe wa rangi, kwa sababu asubuhi kuna jozi 40 zinazofanana. Unapewa namba ya kitanda bwenini, pengine kitanda kirefu cha mbao ambapo magodoro yamepangwa bega kwa bega. Blanketi na mto vipo. Shuka ni lako, na si hiari: ni mfuko mwembamba wa kuingia mwili mzima, wa pamba au hariri. Wa hariri ni ghali zaidi lakini hauzidi gramu 150, na ukilowa hukauka usiku huo huo. Mfuko mzito wa kulalia wa Kilimanjaro uache nyumbani. Maji ya moto ya kuoga, penye huduma hiyo, hutolewa kwa sarafu maalumu unayonunua kaunta, ya dakika chache, na hesabu huanza ukishaitumbukiza. Ingia sabuni iko mkononi. Chakula cha jioni ni saa 12 na nusu au saa 1, taa huzimwa saa 4 usiku, kifungua kinywa huanza saa 12 na nusu asubuhi.

Kwa kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa, kwa kawaida utalipa kati ya yuro 60 na 85 Ufaransa na Italia, na faranga 80 hadi 110 Uswisi. Kwa chakula kilichopandishwa mlimani kwa helikopta au nyumbu, bei ya Ufaransa na Italia ni ya haki. Ya Uswisi inauma, na hakuna njia ya kuikwepa ila kupunguza usiku wa huko kutoka 3 hadi 2 kwa kutumia basi la La Fouly hadi Champex kupitia Orsières. Hilo lina hasara yake, nitalirudia.

Italia ndiyo inayoshinda mezani. Polenta yao ni ugali wa mahindi ya njano, umesongwa laini kwa muda mrefu, na ile ya bonde la Aosta huchanganywa siagi na jibini la fontina hadi ikivutwa kwa uma inatoa nyuzi. Mswahili hahitaji kufundishwa namna ya kuila. Upande wa Ufaransa utakutana na jibini la Beaufort, ambalo hutengenezwa pale pale Ville des Glaciers, chini ya Col de la Seigne, na unaweza kununua kipande cha njiani. Kifungua kinywa ni mahali pa udhaifu kote: mkate, siagi, jamu, kahawa, basi. Kwa siku ya kupanda mita 1,300 hakitoshi. Beba karanga, tende na unga wa maziwa ulionunuliwa hukohuko. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hunyang'anywa uwanja wa ndege, hata kama ni nyama kavu uliyofungiwa na mama.

Muislamu asome aya hii mara mbili. Nguruwe yumo kila mahali, na si kama nyama ya wazi tu. Tartiflette ya Savoie ina vipande vyake vilivyojificha kwenye viazi. Soseji za diots hupikwa kwa mvinyo. Fondue, ambayo inaonekana ni jibini tupu, huyeyushwa kwa mvinyo mweupe na mara nyingi hutiwa pombe kali ya cheri. Kuomba "bila nyama" hakukutoi kwenye fondue. Andika wakati wa kuweka nafasi: sans porc, sans alcool, na kwa Waitaliano senza maiale, senza alcol, kisha uikumbushe kaunta ukifika, kabla jiko halijaanza kupakua. Wapishi wa vibanda hulizingatia jambo hili vizuri wakiambiwa mapema. Wakiambiwa mezani hawana la kufanya, kwani sufuria ni moja. Na mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 3 na nusu usiku, hivyo Isha huingia taa zimeshazimwa. Ulizia chumba cha kulia chakula, mara nyingi huachwa wazi.

Fedha taslimu haziepukiki. Vibanda vya juu hutegemea mtandao wa simu kuendesha mashine ya kadi, na wingu likitanda mashine hulala. Toa yuro za siku nne kabla ya kuanza, ongeza tena Courmayeur, na faranga zichukue Geneva ukitua. Waswisi wengi hupokea noti za yuro, lakini kwa kiwango chao, na chenji inarudi kwa faranga.

Simu ni mtego mwingine. Laini iliyonunuliwa Ufaransa au Italia hufanya kazi kwa bei ile ile ndani ya Umoja wa Ulaya. Uswisi haimo. Ukikaribia Grand Col Ferret simu inaweza kunasa mnara wa Uswisi ukiwa bado unapanda upande wa Italia, nawe unatazama ramani na kutuma picha, na salio linayeyuka bila wewe kuhisi. Jambo hilo hilo hutokea karibu na Col de Balme. Kabla ya kuondoka Bonatti zima data za nje ya nchi, au chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Ramani zishushe zote kwenye simu ukiwa Courmayeur. Kifurushi kinachotaja Uswisi kwa jina ni sawa. Kilichoandikwa "Ulaya" tu, soma orodha ya nchi.

Soketi nazo zinafuata mipaka. Plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii popote. Adapta nene ya duara inayouzwa kama "ya Ulaya" huingia Ufaransa, mara nyingi hukataa Italia, na Uswisi haingii kabisa, kwa sababu tundu lao lina umbo la pembe sita na ni jembamba. Kinachoingia kote ni chaja ndogo bapa ya pini mbili nyembamba, ile isiyo na waya wa ardhi. Nunua hiyo moja, achana na adapta. Bwenini soketi ni chache na umeme wa baadhi ya vibanda ni wa jua, kwa hiyo beba betri ya akiba ya mAh 10,000, inayojaza simu ya kawaida karibu mara mbili.

Kupotea si rahisi, ila alama hubadilika lugha. Ufaransa ni mistari miwili, mweupe na mwekundu, juu ya mwamba au mti. Ikipishana kama herufi X maana yake umekosea njia, rudi. Italia ni rangi ya njano na herufi TMB. Uswisi ndio wanaosifika: kibao cha njano chenye jina la mahali na muda wa kufika kwa saa na dakika. Muda huo hauhesabu mapumziko, na umepangwa kwa mtu asiyebeba begi zito, ongeza robo. Nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlima ya kawaida. Nyeupe-buluu-nyeupe ni njia ya wakwea milima, si yako. Kwenye Croix du Bonhomme angalia kwa makini zaidi, kwa sababu hapo njia ndefu ya GR5, inayotoka Hoek van Holland nchini Uholanzi hadi Nice, huachana na duara hili na kuelekea kusini. Alama za rangi ni zile zile. Asiyetazama kibao hujikuta anaelekea bahari ya Mediterania.

Kinachowashinda watu ni miteremko. Urefu kutoka usawa wa bahari hapa si tatizo la aina ya Kilimanjaro; sehemu ya juu kabisa unayoweza kupita, Col des Fours au Fenêtre d'Arpette, zote ni mita 2,665, chini ya Horombo kwa zaidi ya mita 1,000. Lakini Kilimanjaro unapanda siku nyingi na kushuka mara moja. Hapa unapanda na kushuka kila siku, mita 800 hadi 1,300, na siku ya nne magoti huanza kudai. Misuli ya paja inafanya kazi ya breki, nayo huchoka kwa namna ambayo mazoezi ya tambarare hayaitayarishi. Jiandae kwa ngazi au kilima, ukiwa na begi, na ushuke kwa makusudi mara nyingi kama unavyopanda. Kabla ya kila mteremko mrefu kaza kamba za buti kwenye kifundo ili kisigino kirudi nyuma na vidole visigonge mbele. Anayepuuza hilo hupoteza kucha mbili za vidole gumba kabla ya Champex. Viatu viwe vikubwa kwa nusu namba, maana nyayo huvimba. Fimbo mbili, ndefu zaidi kwa sentimita 5 hivi unaposhuka. Begi lisizidi kilo 9 pamoja na maji. Malengelenge yafunike yakiwa bado ni joto na wekundu tu. Yakishajaa maji umechelewa.

Yapo magari yanayosafirisha mizigo kutoka kituo hadi kituo, na kwa mwenye mgongo mbovu ni huduma ya thamani. Kumbuka tu kwamba hufika penye barabara. Bonatti na Croix du Bonhomme hayafiki, hivyo usiku huo utahitaji begi dogo lenye shuka, mswaki na nguo kavu.

Kabla ya mapema Julai vipito vya upande wa Ufaransa huwa na theluji, hasa kati ya Col du Bonhomme na Croix du Bonhomme, ambako njia hukata ubavu wa mlima. Asubuhi theluji ni ngumu na unateleza. Alasiri ni laini na mguu unazama hadi gotini. Nyororo ndogo zenye meno zinazovalishwa juu ya buti zinatosha kwa miaka mingi. Hatari isiyoonekana ni daraja la theluji juu ya kijito: juu kumeganda, chini maji yamekula. Ukisikia maji yanatiririka chini ya miguu, rudi, vuka juu zaidi. Julai na Agosti adui ni radi. Huanza kukusanyika saa 7 au saa 8 mchana, kwa hiyo toka kibandani saa 1 asubuhi na uwe umevuka kipito kabla ya saa 6.

Ukiumia, 112 inapokelewa nchi zote tatu. Ishara kwa helikopta: mikono yote miwili juu, umbo la Y, ni "ndiyo, nahitaji msaada", mmoja juu mmoja chini ni "hapana". Usipungie mkono kwa furaha. Malipo ndiyo yanayotofautiana. Ufaransa kikosi cha askari wa milimani, PGHM, hakidai ada ya uokoaji mlimani. Bonde la Aosta, upande wa Italia, hutoza wito usio wa dharura ya kweli. Uswisi anayelipa ni aliyeokolewa mwenyewe, na gharama ya helikopta ni ya kutisha. Bima ya viza, ile ya yuro 30,000, huenda imeandika katika kurasa za nyuma kwamba haihusiki na utembeaji wa milimani. Ulizia kwa maandishi mambo mawili: je, inalipia kutafutwa na kuokolewa kwa helikopta, na hadi mita ngapi? Jibu liwe angalau 3,000.

Hema linapunguza gharama kwa nusu, lakini sheria ni tatu. Ufaransa, nje ya hifadhi zenye masharti, hema la usiku mmoja huvumiliwa kuanzia jioni, kwa kawaida saa 1, hadi saa 3 asubuhi. Les Chapieux pana uwanja wa bure kabisa. Bonde la Aosta ni marufuku chini ya mita 2,500, yaani karibu njia yote ya Italia. Uswisi ukite kwenye kambi za kulipia: La Fouly, Champex, na Le Peuty karibu na Trient. Mitungi ya gesi hairuhusiwi kwenye ndege, inunue Chamonix.

Kuhusu vipande vya kuchagua: siku ya kwanza njia ya kawaida kupitia Col de Voza ni dhaifu, kilomita nyingi za barabara na vijiji. Anayejiweza apite Col de Tricot, mita 2,120, avuke daraja la kamba linaloning'inia juu ya maji ya barafu ya Bionnassay. Kati ya vibanda vya Bertone na Bonatti ndipo fedha yako inaporudi yote: njia tambarare ya ubavuni, na ng'ambo ya bonde ukuta wa Grandes Jorasses, mita 4,208, umesimama mbele yako saa nzima. Kutoka Champex, Fenêtre d'Arpette ni ya siku kavu tu. Sehemu ya juu ni mawe makubwa yaliyolundikana na mikono inahitajika. Mvua ikinyesha pita njia ya Bovine, hutapoteza heshima. Na kile kipande cha La Fouly hadi Champex ambacho wengi hukiruka kwa basi: kitembee ikiwa una siku. Ukifika Praz-de-Fort tazama maghala ya zamani ya mbao. Yameinuliwa juu ya nguzo fupi, na juu ya kila nguzo pana jiwe bapa la duara, pana kuliko nguzo yenyewe. Panya hupanda nguzo, hufika chini ya jiwe, hawezi kutembea kichwa chini. Aliyewahi kujenga ghala la mahindi ataipenda akili hiyo.

Karibu na Tré-le-Champ zipo ngazi za chuma zilizopigiliwa kwenye mwamba. Si ngumu, lakini chini yake ni wazi kabisa, na begi lenye vitu vinavyoning'inia hukwama. Mwenye kizunguzungu cha juu asijilazimishe: kutoka Col des Montets kuna njia ya kupanda hadi Tête aux Vents isiyo na ngazi hata moja, na mtakutana juu.

Siku ya mwisho ndiyo inayodanganya. Ukisimama Brévent, mita 2,525, Mont Blanc yote iko mbele yako na Les Houches inaonekana ni pale chini tu. Ni mita 1,500 za kushuka mfululizo, msituni, kwenye mizizi na kokoto, na magoti yamebeba siku kumi. Jaza maji Brévent au kibanda cha Bellachat, kaza kamba za buti, na usiweke tiketi ya basi la Geneva la jioni ile ile.